Meno Meupe ya Sendofu

Meno yangu yalikuwa ya kahawia. Sisemi yalikuwa machafu, nasema yalikuwa ya kahawia, na asiyejua tofauti ya mambo hayo mawili hajawahi kukaa kwetu chini ya mlima. Kule kaskazini nilikozaliwa, maji ya chemchemi yana madini yanayoingia kwenye jino la mtoto kabla halijaota, na likiota linakuja na rangi yake ya kudumu. Kijiji kizima tulikuwa hivyo. Katekista alikuwa hivyo, mwenye duka alikuwa hivyo, hata msichana aliyesifiwa kwa uzuri kuliko wote alikuwa hivyo. Sikujua kama nina kasoro hadi nilipokuja Dar es Salaam kufundisha shule ya msingi huko Temeke, mtoto wa darasa la pili akaniuliza mbele ya wenzake kama huwa nakula udongo.

Nikamjibu kwamba huwa nakula watoto wanaouliza maswali ya kipuuzi. Darasa likacheka, yeye akacheka, na mimi nikacheka kinywa wazi. Nimefundisha hadi nikastaafu na meno yaleyale. Nilifungulia soda, nilivunjia mifupa ya mbuzi, nilikatia nyuzi nikishona vifungo vya sare. Marehemu mume wangu alitoka mlima uleule na kinywa chake kilikuwa cha rangi ileile, kwa hiyo nyumbani kwetu Mbagala hapakuwa na wa kumcheka mwenzake. Binti yetu, mtoto wa mwisho, alizaliwa hapahapa mjini, akanywa maji ya hapahapa, akaota meno meupe kabisa. Baba yake alikuwa akimwambia acheke tu ili ayaone.

Alipopata mchumba, posa ililetwa na watu wa Mbweni, kule kwa wenye pesa. Kwa kuwa baba yake hayupo, ukoo ulitaka shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ndiye awajibu washenga. Nikakataa. Huyu mtoto nimemlea mwenyewe, nikasema, na nitamjibia mwenyewe. Washenga wakaja na maneno yao ya siku zote, kwamba wameona ua zuri bustanini kwetu na wangependa kulichuma. Nikawaambia ua tunalo, ila wachukue na mpishi, maana ua hilo likisonga ugali familia nzima inaunywa kwa kikombe. Sebule ililipuka. Mama wa kijana, mwanamke mnene mwenye sauti nzito, alicheka hadi akajifuta machozi kwa kilemba. Nilicheka pia, kichwa nimekirudisha nyuma. Binti yangu alikuwa ameiegesha simu yake kwenye rafu ya vyombo, ikarekodi yote.

Kesho yake nilikuwa jikoni namenya ndizi, akaja na ile simu.

“Mama, umejiona hapa?”

Nikatazama. Nilimwona mwanamke anacheka, na kusema kweli alinipendeza.

“Sasa sendofu yangu ya kuagwa itakuwa na skrini kubwa ukumbini,” akasema. “Ukicheka hivi, inakuwa ukuta mzima.”

“Acha iwe ukuta mzima.”

“Mama, jamani. Wale ni watu wa Mbweni.”

Nilimwambia hata Mbweni watu wanatafuna. Lakini hakucheka, na nilipomtazama vizuri niliona anakaribia kulia. Ni kweli pia kwamba meno mawili ya mbele yalikuwa yameanza kucheza na ufizi ulitoka damu nikipiga mswaki. Basi nikakubali anipeleke kwa daktari wa meno huko Kinondoni, kwenda kuangalia tu.

Daktari alikuwa kijana mwenye adabu. Alinipa shikamoo, akanilaza kwenye kiti, akanijaza pamba mdomoni, akagonga jino moja baada ya jingine. Akasema yanayocheza lazima yatoke, lakini mengine yana mizizi imara. “Haya mama atazikwa nayo,” akasema. Akaeleza kwamba anaweza kutengeneza machache ya bandia na kuyatia rangi yafanane na yaliyobaki, hakuna atakayejua.

Binti yangu akasema, “Daktari, yaani tulipe hela tutengenezewe meno machafu?”

Alilitamka neno hilo. Na mimi, mwenye jibu kwa kila mtu, nilikuwa nimelala chali kinywa kimeachwa wazi, pamba zimejaa mashavuni, siwezi kutoa hata sauti. Nilitazama taa iliyokuwa juu yangu. Daktari alipozitoa pamba, aliniuliza mimi, si yeye, kwamba mama unaamuaje. Nikamtazama mwanangu, ameshika mkoba wangu kwa mikono yote miwili kama alivyokuwa akishika begi la shule, nikasema ayang'oe yote ya juu. Nilisema hivyo kwa kumpenda. Hasira ilikuja palepale pamoja na upendo, na mpaka leo viwili hivyo vinakaa kifuani kwangu bila kugombana.

Daktari alituonya jambo moja. Ufizi ukishang'olewa meno huendelea kusinyaa kwa miezi, alisema, na meno ya bandia yakitengenezwa mapema yatakuja kulegea. Bora kungoja. Lakini kungoja haikuwezekana kwa sababu ukumbi ulishalipiwa, na kamati ya sherehe katika mji huu haiahirishi kitu. Mwanakamati akifa, wanamzika mchana na jioni wanakaa kikao. Kwa hiyo nilishonewa nguo na kutengenezewa meno kwa pamoja, vyote viwe tayari kwa siku moja.

Ganzi ilipoisha nilijua nimefanyiwa nini. Uso uliumuka, mto ukajaa mate yenye damu, na ulimi ulizunguka juu usipate pa kushika. Nilikula mtori, ule wa ndizi na nyama uliopondwa, ambao kwetu anapikiwa mwanamke aliyetoka kujifungua. Nikawa nakunywa mtori wa uzazi bila mtoto wa kuonyesha. Jirani yangu mwenye duka, mama wa Kiarabu ambaye familia yake iko hapo mtaani tangu kabla hata ya barabara ya lami, alikuja kunijulia hali. Yeye ana meno ya bandia kwa muda mrefu.

“Pole, Mwalimu,” akaniambia. “Meno haya kama mke mwenza. Utamzoea, lakini kumpenda usahau.”

Nikataka kucheka, maumivu yakanikataza.

Siku ya kuyavaa, daktari alinipa kioo. Yalikuwa meupe kama masufuria mapya. Yalikuwa yamepangwa sawasawa, jino na ndugu yake, hakuna lililomzidi mwenzake, na juu yao ufizi wa rangi ya waridi ambao sijawahi kuuona kwa Mwafrika yeyote. Mdomo wangu ulivimba mbele, nikajaa mate, nikataka kutapika. Binti yangu alipiga makofi. “Mama! Umekuwa mdogo!” Alinikumbatia pale mbele ya daktari, na nilimruhusu afurahi. Uzuri wa mkakasi, nilijisemea, ndani kipande cha mti.

Kula nilijifunza polepole, kwa kukatakata kila kitu na kutafuna pande zote mbili kwa wakati mmoja. Kusema ndiko kulikonitoa jasho. Mimi ni mtu niliyetumia maisha yangu kuwafundisha watoto wa watu kutamka. Sasa kila penye S palitoka mluzi, na penye TH palitoka upepo na mate. Nilikaa uani nikisoma gazeti kwa sauti, kuku wakinikimbia. Nilikuwa na sababu. Kwenye sendofu mzazi ndiye anayempa binti yake nasaha za mwisho mbele ya watu, na nasaha zangu nilikuwa nimeziandaa tangu yuko sekondari. Nilitaka nimwambie jinsi baba yake alivyokuwa akiomba radhi, kwa kununua ndizi mbivu na kuziacha mezani bila neno, na kwamba asiidharau namna ya mume wake ya kuomba radhi hata ikiwa ya kijinga. Maneno hayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Mwenzangu wa kuyajua ameshalala makaburini.

Zilipobaki siku chache, alilolisema daktari likatimia. Ufizi ulikuwa umesinyaa, na meno yakaanza kushuka nikifungua mdomo. Binti yangu akaleta gundi ya meno kutoka duka la dawa, akaniketisha, akanipaka yeye mwenyewe. Huku akinipaka akasema, “Mama, au Baba Mdogo aongee kwa niaba yako? Usije ukahangaika bure.”

“Nitaongea mwenyewe,” nikamwambia, na mluzi ukanitoka. Akaendelea kunipaka.

Ukumbini nilikaa meza ya mbele, nimevaa kitenge kilichoshonwa vizuri, uso wangu kweli ukiwa ukuta mzima kwenye skrini. Joto lilikuwa kali na gundi ilianza kuyeyuka kabla ya keki. Kisha ndafu ikaingia. Hii ndiyo keki yetu ya kwetu, mbuzi mzima aliyechomwa, anabebwa na wapishi wanaocheza, kichwa kimesimama na majani yamebanwa mdomoni. Walimweka mbele yangu kabisa. Yule mbuzi alikuwa amekenua, na nilimwangalia meno yake ya chini. Yalikuwa ya kahawia, yamejipanga yote, ya kwake mwenyewe. Nilimwonea wivu mbuzi aliyekufa.

Binti yangu akakata kipande, akakichoma kijiti, akaja kunilisha, magoti chini. Mshereheshaji akapaza sauti: “Mama mzaa chema! Atafune tumwone! Nyie, vigelegele viko wapi?” Nikang'ata. Nyama ilikuwa ya paja, ngumu, na nilipovuta, meno ya juu yote yakaifuata. Niliyahisi yanashuka juu ya ulimi. Nikafunga mdomo, nikaweka mkono, nikakimeza kile kipande kizimakizima, kikashuka kooni kama jiwe, machozi yakanitoka. Watu wakapiga makofi wakidhani ni machozi ya furaha. Mwanangu peke yake ndiye aliyekuwa karibu kiasi cha kuona. Alinyanyuka, akamwendea mshereheshaji, akamnong'oneza.

Ulipofika wakati wa nasaha, wakamwita shemeji yangu.

Aliongea vizuri. Alisema ndoa ni uvumilivu, akasema mke ni taa ya nyumba, akasema mambo yote ambayo husemwa kwenye kumbi zote za mji huu kila Jumamosi. Hakusema habari za ndizi kwa sababu hakuzijua. Mimi nilikaa nikitabasamu, ulimi umeyasukumia meno juu yasidondoke, kwa muda wote wa hotuba, na hivyo ndivyo nilivyopigwa picha. Nilikuwa na uchungu ambao sijawahi kuusikia, hata msibani. Msibani angalau walinipa nafasi ya kusema.

Wakati wa kuagana mama wa kijana alinishika mkono, akasema kwa sauti yake nzito.

“Mama mwenzangu, mbona leo umekuwa mpole? Sie huko nyumbani tumekaa tunakungoja wewe tu. Tangu siku ile ya posa tunakuigiza, ‘ugali wa kunywa kwa kikombe.’ Mume wangu kaja kukusikiliza wewe.”

“Na meno yangu ya siku ile?” nikamuuliza. Sijui kwa nini lilinitoka.

Akanitazama bila kuelewa. “Yalikuwa na nini?”

Basi hawakuwa wameona kitu. Au walikuwa wameona na halikuwahusu. Maji yalikuwa yameshamwagika.

Miezi kadhaa baada ya harusi, binti yangu alikuja Mbagala na albamu kubwa ya sendofu, yenye jalada gumu. Tukaketi mezani, akawa ananifungulia kurasa. “Ona Mama ulivyopendeza hapa. Na hapa.” Nilimwona mwanamke mmoja katika kila picha, ana tabasamu lilelile moja, macho yamesimama. Sikuwa na ugomvi naye, ila sikumfahamu.

Nikamwambia, “Nitumie ile video ya posa.”

“Ipi?”

“Ile nikiwajibu washenga. Ninayocheka.”

Alifunga albamu taratibu. “Nilishaifuta, Mama. Siku ileile tuliyotoka kwa daktari. Nilijua hutataka kuiona tena.”

Hapakuwa na nakala nyingine. Ilikuwa simu yake peke yake pale kwenye rafu ya vyombo. Aliona uso wangu ulivyobadilika, akaingiwa na huruma, maana si mtoto mbaya, sijawahi kusema ni mtoto mbaya. Akatoa simu kwenye mkoba, akaifuta kioo kwa kanga yangu, akainyanyua mbele ya uso wangu.

“Basi usijali,” akasema. “Cheka sasa hivi nikurekodi nyingine.”

Alikuwa anangoja, anatabasamu kunitia moyo. Niliyavua yale meno, nikayaweka juu ya albamu, nikamwambia arekodi hayo.