Bluu Iliyokuwa Nyeusi

Ukungu wa Isongole unanuka. Mtu aliyezaliwa kwenye joto hawezi kuniamini, lakini sisi tuliokulia huku juu, kaskazini mwa Tukuyu, tunaijua harufu hiyo kama tunavyojua harufu ya nguo za mama zetu. Ni harufu ya udongo uliotoka kuchimbwa viazi, na ya moshi wa kuni mbichi uliokosa njia ya kupanda. Siku zile ilikuwa pia harufu ya maua ya pareto yaliyoanikwa ndani ya nyumba kwa sababu nje hakukuwa na jua la kuyakausha. Ndani ya ukungu huo barabara ya kwenda Mbeya ilikuwa sauti tu. Gari ulilisikia likibadilisha gia kwenye mlima, baadaye ukaona taa zake, na lilipokaribia kukugusa ndipo ulipoliona lenyewe. Ndiyo maana sisi watoto wa kando ya barabara tulijifunza taa kabla ya kujifunza magari.

Mwaka ninaousimulia mvua zilikawia kuisha, na mama yangu alikuwa na mimba. Alikuwa pia mpishi wa gongo, kama wanawake wengine kadhaa wa kitongoji chetu, kwa sababu viazi vilioza shambani na pareto haikukauka. Polisi walipanda mara kwa mara kutafuta mitambo ya gongo, na kazi ya kuwaona mapema ilikuwa yetu watoto. Tulichunga mbuzi kwenye tuta la barabara huku macho yakiwa njiani. Taa ya njano inayozunguka juu ya gari haikutusumbua. Ilikuwa ya greda la watengeneza barabara, na wale walikuwa wateja wa mama. Taa nyekundu tuliijua kwenye kitabu cha shule tu, juu ya gari la zimamoto ambalo hakuna aliyewahi kuliona likipanda mlima wetu. Lakini ilikuwapo taa ya tatu, ile ya Landrova ya polisi, na hiyo tuliiita nyeusi. Tukiiona tulipiga kelele moja kwa Kinyakyusa, "Nyeusi!", na kelele hiyo ilipokelewa nyumba kwa nyumba mpaka bondeni. Mapipa yalifunikwa kwa majani ya migomba, moto ulizimwa, milango ikafungwa, na watu wazima wakawa wajinga ghafla.

Lazima niieleze hiyo "nyeusi", maana ndiyo habari yenyewe. Katika lugha ya nyumbani kwetu rangi zilikuwa chache, na hazikutupungukia. Nyeusi ilikuwa masizi ya chungu, na ilikuwa pia Mlima Rungwe unapojaa mvua, na kina cha maji ya ziwa, na mbingu jioni inapokaribia kufunga. Taa ya polisi ilikuwa na rangi ya mlima ule. Kwa hiyo ilikuwa nyeusi, na hakuna mtoto aliyeona ajabu taa kuwa nyeusi huku inawaka. Neno bluu nililijua, lakini kwangu lilikuwa la dukani. Ilikuwa dawa ya kufulia ambayo mama aliiyeyusha kwenye beseni ili kusuuzia mashati yetu meupe ya shule. Maji yale yalikuwa na weupe wa ubaridi, kama maziwa yaliyochanganywa na maji mengi. Hiyo ndiyo iliyokuwa bluu, rangi ya shati safi. Nilikuwa wa kwanza darasani kwa Kiswahili, na ningekuwa wa mwisho kumuuliza mtu maana ya neno.

Siku ambayo uchungu ulimshika mama, Shangazi Tumpe, dada wa baba, ndiye aliyekuwa naye ndani. Mchana ulipofika shangazi alitoka mlangoni, mikono imelowa, akamwambia baba, "Kaka, mtoto amekaa vibaya. Mimi nimefika mwisho wangu." Baba alichukua baiskeli akateremka hadi zahanati, na kutoka huko wakapiga simu hospitalini. Alirudi anahema, matope mpaka mgongoni. Nyumba yetu ilikuwa bondeni, gari lisingeweza kufika, kwa hiyo ilibidi akate mianzi na kufunga machela ya kumpandishia mama barabarani. Aliniita akanishika bega.

"Nenda njia panda. Linakuja gari la wagonjwa, lina taa ya bluu juu. Ukiiona tu, ruka katikati ya barabara ulisimamishe. Umesikia?"

"Nimesikia, Tata."

"Taa gani?"

"Ya bluu."

Aliridhika, akaenda na panga lake. Hata leo sioni angeniuliza nini zaidi. Yeye alikuwa ameambiwa na mganga wa zahanati, naye akanipa neno lile lile kama alivyolipokea, na mimi nikalirudisha bila kukosea herufi.

Nilisimama njia panda nikisubiri taa yenye rangi ya shati. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mbuzi wangu mwenyewe nilimjua kwa kukohoa. Karibu nami, kwenye kibanda chake cha kuuzia viazi, alikaa Mzee Gwakisa, jirani yetu, mtu wa mzaha ambaye mitambo yake ilikuwa mikubwa kuliko ya mama. "Wewe mlinzi," aliniambia, "leo umekakamaa kama nguzo ya simu. Unangoja harusi?" Sikumjibu, maana baba hakuwa amenipa ruhusa ya kutangaza mambo ya ndani. Mambo ya uzazi hayakuwa ya kusemwa na mtoto mbele ya mwanamume mzima. Nilikuwa na adabu sana siku hiyo. Laiti ningekuwa mtovu wa adabu kidogo.

Ndipo nikasikia gari likibadilisha gia kule chini. Sikusikia king'ora, huenda dereva aliogopa kukipiga kwenye ukungu, huenda hakikuwapo. Mwanga ulikuja kwanza, ukizunguka, ukiupaka ukungu rangi kisha ukiuacha. Ulikuwa na rangi ya mlima wenye mvua. Sikufikiri hata kidogo. Mwili wangu ulikwishafundishwa, nami nikageukia bonde nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Nyeusi! Nyeusi!"

Nilisikia kelele yangu ikichukuliwa na nyumba ya kwanza, ikashuka kwa ya pili. Gari lilisimama mbele ya kibanda. Dereva alishusha kioo akatoa kichwa. Hakuwa mtu wa kwetu. "Mzee, kwa Anyosisye ni wapi?" Hilo ni jina la baba. Mzee Gwakisa alijikuna kidevu polepole, akatazama viazi vyake.

"Anyosisye alihama, bwana. Yuko Mbeya siku hizi."

"Na mkewe?"

"Mkewe amwachie nani, bwana? Alimfuata mumewe."

Niliona jinsi alivyofurahi moyoni, kwa sababu walikuwa wameulizia mke, na mke ndiye mpishi. Alidhani amemwokoa mama yangu. Mimi pia nilidhani hivyo, nikamtazama kwa shukrani. Dereva alisema neno na mtu aliyekaa upande wa pili, mwanamke mwenye kitambaa cheupe kichwani, nami nilikiona kitambaa kile bila kukielewa. Kisha gari likaondoka kupanda juu kwenda kuulizia mbele. Nyuma yake, niliambiwa baadaye, kulikuwa na alama ya msalaba mwekundu, lakini nyuma ya gari huonekana likishapita, na ukungu ulikwishalimeza.

Baba alitokea kwenye kijia anakimbia, mwanzi mmoja bado mkononi. Kelele ilimkuta mtoni. Aliuliza huku anatazama barabara tupu.

"Gari limepita hapa?"

"Ni polisi, Tata. Mzee amewadanganya."

"Lilikuwa na taa gani?"

"Nyeusi."

Aliketi chini pale pale, kwenye maji ya barabarani, mtu mzima. "Mwanangu," alisema, "hiyo ndiyo bluu."

Mzee Gwakisa, aliyeijua mimba ya mama, aliutazama ule mwanzi wa machela, akasimama hata viazi vikamwagika. Alivua viatu akakimbia kulifuata gari kwa miguu, mzee yule, na ndiye aliyelipata mbele, likiwa limesimama kuuliza kwa watu wengine ambao nao walikuwa wanasema hawamjui Anyosisye. Kumbe kule nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kelele yangu ilipofika, Shangazi Tumpe alifanya kama ilivyokuwa desturi. Alizima moto, akamwaga maji ya moto yaliyokuwa jikoni kwa ajili ya uzazi, asije askari akayadhania mengine, akafunga mlango na kumziba mama mdomo kwa kanga ili asisikike akilia. Walikaa gizani hivyo, wawili, wakimngoja askari ambaye hakuwapo. Gari liliporudi na machela ikafika, mama alikuwa hai. Mtoto alikuwa wa kike, na alizaliwa hospitalini bila kulia.

Watu walikuja msibani wakasema "ndaga, ndaga", neno letu la kupeana pole, na hakuna aliyenitaja. Baba hakunipiga. Ningependa kusema kwamba nilimwomba msamaha mama siku aliporudi, lakini nilijificha kwenye chumba cha pareto nikijifanya nageuza maua. Siku moja, mvua zilipokwisha, aliniita uani alikokuwa anafua. Beseni la maji ya kusuuzia lilikuwa tayari, na rangi yake ile ya maziwa. Alifungua karatasi akatoa kidonge kikavu cha dawa, akakiweka kwenye kiganja changu kilicholowa.

"Hii nini?"

"Bluu, mama."

"Itazame."

Nilitazama. Kidonge kilikuwa cheusi kama mlima, na pale kilipoguswa na maji ya kiganja kiliwaka kwa rangi ile ile iliyozunguka kwenye ukungu. Nilikuwa nimekiona maisha yangu yote kikishayeyuka, sikuwahi kukiona kikiwa kizima.

"Sikujua, mama."

"Najua hukujua," alisema, akachukua shati. "Ungeuliza." Hakulizungumza tena mpaka anakufa, naye alikufa mzee. Hakupata mtoto mwingine.

Siku hizi nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao Mzee Gwakisa, na nyumba yangu iko pale pale njia panda. Barabara ni ya lami. Gari la polisi linawaka nyekundu na bluu kwa pamoja, la wagonjwa nalo hivyo hivyo au nyekundu peke yake, la zimamoto nimekwisha kuliona kwa macho yangu, na njano bado ni ya watengeneza barabara na wavuta magari mabovu. Watoto wa hapa wanazijua rangi zote kwa majina yake ya Kiswahili na hata ya Kiingereza. Hakuna anayezikimbia. Hakuna anayezipisha pia. Vijana wa bodaboda wamefunga vitaa vya bluu vinavyomemeteka mbele na nyuma kwa ajili ya urembo, na ukungu unaposhuka barabara yote inakuwa magari ya wagonjwa. Mjukuu wangu Lusajo anavyo kwenye pikipiki yake. Nilimwambia avitoe, akacheka, "Babu, bila taa abiria hawakuoni!" Juzi gari la wagonjwa halisi lilikwama nyuma ya msururu wa pikipiki zinazomemeteka, likipiga king'ora, na waliokuwa mbele hawakugeuka, walidhani ni wenzao. Sisi tuliogopa rangi moja mno, hawa wamezizoea zote mno, na sijui ni kipi kibaya zaidi kwa mwanamke aliyelazwa ndani ya gari lile.

Mimi nimebaki na tabia moja inayowachekesha. Ukungu ukishuka na nikaona bluu inapanda mlima, nainuka na fimbo yangu, naenda ukingoni mwa barabara, nainua mkono. Mara nyingi inakuwa bodaboda. Kijana hufunga breki, huzima muziki, hunisalimu kwa heshima.

"Shikamoo, mzee. Nikupeleke wapi?"

"Marahaba. Siendi popote, mwanangu. Nilitaka tu usimame."