Mlango wa Nyuma wa Mahakama

Katika miaka ya tisini serikali ya wilaya yetu ilikuwa inanenepa, lakini nguo zake zilikuwa zilezile. Kila treni ya kutoka Tabora ilishusha Mpanda ofisa mpya mwenye barua ya uhamisho, godoro na mke anayeuliza maji yako wapi. Kesho yake ofisa huyo alifika bomani kutafuta pa kukaa, na pa kukaa hapakuwepo. Ofisa mifugo alikuwa chumba kimoja na ofisa utamaduni, kwa hiyo mfugaji aliyekuja kulalamikia kupe alisubiri kwanza kikundi cha ngoma kimalize ugomvi wake. Ofisa ushirika aliwekewa meza barazani. Mvua ya upepo ikija, aliigeuza meza miguu juu, na hiyo ndiyo ilikuwa kufunga ofisi.

Mimi nilikuwa fundi mchundo katika ofisi ya ujenzi, msichana wa Kikonongo mzaliwa wa palepale. Siku moja mhandisi wetu aliniita akanipa futi ya kamba na kazi ndefu. Nipime kila chumba cha serikali mjini, niulize kila mtu anafanya nini humo, kisha nichore tunahitaji nini kwa miaka ijayo: ofisi mpya, na jengo jipya la mahakama ya mwanzo. Wenzangu walinipa pole, wakadhani nimeadhibiwa. Mimi nilikuwa nacheka moyoni. Tangu utotoni mama alinigombeza kwa kuchungulia nyumba za watu, na sasa nimetumwa kuchungulia kwa barua yenye mhuri.

Nikachungulia hasa. Niligundua kwamba watu hawakai pale mchoro unaposema wakae. Chumba cha mikutano kilikuwa kinahifadhi mbegu za pamba. Masjala, penye mafaili yote ya wilaya, ndipo wahudumu walipopikia chai, kwa sababu palikuwa na dirisha la kutolea moshi. Niliuliza maswali mpaka ofisa mmoja akasema nikija tena atajificha chini ya meza. Nilimjibu kwamba nimeshaipima, hatoshi.

Mahakama niliiacha mwisho. Ilikuwa imehamishiwa kwenye ghala la zamani la mahindi, jengo refu la bati upande wa Makanyagio, na wadudu wa mahindi walikuwa bado wanamtembelea hakimu mezani. Nilipima ndani, nikapima nje, hesabu zikakataa kupatana. Jengo lilikuwa fupi kwa ndani kuliko kwa nje. Nikapima tena. Bado. Nilikasirika, maana ukuta haudanganyi, na mimi sipendi kudanganywa na kitu ambacho hakidanganyi.

Nikazunguka nyuma kutafuta kosa langu. Huko nilikuta mlango mwingine, mpana wa kupitisha mkokoteni, umefungwa kwa ndani. Chini yake, kwenye kivuli chembamba cha bati, alikaa bibi mmoja wa Kisukuma kwenye khanga, na mjukuu wa kike asiye na meno ya mbele.

"Shikamoo bibi. Unasubiri nani hapa?"

"Marahaba. Nasubiri mahakama, mwanangu."

"Mahakama iko kule mbele."

"Najua."

Basi. Akamvuta mjukuu kivulini. Nilirudi ndani nikamuuliza karani kuhusu huo mlango, akanisogezea kabati la mafaili kidogo nichungulie. Nyuma yake palikuwa na chumba kizima cha vielelezo: mitungi ya gongo, baiskeli za wizi, nyavu, ngozi ya pundamilia iliyokamatwa karibu na Sitalike, vyote vimerundikwa mpaka juu ya komeo la ule mlango wa nyuma. Hesabu zangu zikapona. Ila bibi yule hakunitoka kichwani. Mtu anayesubiri mahakama kwa kuipa mgongo, anasubiri nini?

Baada ya wiki chache nilirudi kupima madirisha. Nikiwa nyuma ya jengo nilimkuta palepale, na yule mtoto. Kutoka mbele ikasikika sauti ya karani, maana ni desturi ya mahakama kumwita mtu mlangoni mara tatu kabla ya kuandika kwamba hakufika. Aliita jina la mwanamke. Bibi akainamisha kichwa.

"Bibi, si wewe huyo?"

"Ni mimi."

"Sasa mbona huendi?"

Akajifunika mdomo kwa ncha ya khanga. "Mkwe wangu kakaa mlangoni. Nipite wapi?"

Hapo nikaelewa. Hata kwetu mkwe anaogopwa, ingawa sisi wa mjini tumelegeza. Lakini wale ndugu waliotoka kaskazini na ng'ombe wao walikuwa hawajalegeza kitu. Mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawapeani mkono, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anaingia porini kumpisha mwenzake. Na mlango wa mahakama ulikuwa mmoja, wa kupita mtu mmoja mmoja, na benchi limeegemea papo hapo. Kuingia, angelazimika kumgusa kwa nguo.

Nilikwenda mbele kumtazama huyo mkwe. Kijana, fundi wa mashine ya kusaga, kakaa mwisho kabisa wa benchi, kofia mikononi, macho hayabanduki mlangoni. Nilimchukia palepale. Nilisema moyoni, mjanja huyu, anajua akikaa hapo mama wa watu hawezi kupita.

Karani akanieleza shauri lenyewe. Mke wa kijana alifariki, mtoto akabaki kwa bibi, na sasa baba anamtaka ili aanze shule hapa mjini. "Bibi mwenyewe hajali," alisema. "Asipofika mara ijayo, hakimu atasikiliza upande mmoja, mtoto anaondoka."

"Mbona yupo! Yuko nyuma."

Karani alicheka. "Nyuma hakuna mahakama, dada. Kwenye faili hakufika."

Niliondoka nina hasira ya kupasua bati. Nimepima jengo lile kila upande, ninajua unene wa kuta zake, halafu naambiwa mtu aliye umbali wa ukuta mmoja hayupo. Nilijaribu kuchora mahakama mpya jioni ile, mkono ukakataa. Nikawa najiuliza tu, wangapi wengine hawakufika hivyo?

Siku ya shauri nilikwenda kupima madirisha niliyokwisha kuyapima. Nilipita nyuma kwanza. Bibi alikuwepo, amemvalisha mtoto gauni jipya. "Leo wanamchukua," alisema, kama vile hukumu imeshasomwa. Nikaingia ndani, nikasimama dirishani na futi yangu. Karani akatoka mlangoni akaita. Kimya. Akaita tena. Kimya. Alipofungua kinywa mara ya tatu, mimi nikapiga kelele:

"Yupo!"

Watu wote wakageuka. Hakimu, mtu wa pwani mwenye sauti ya chini, alivua miwani. "Wewe ni nani katika shauri hili?"

"Mimi... mimi ni wa ujenzi, mheshimiwa."

Walicheka mpaka wazee wa baraza, wale wawili wanaokaa na hakimu kutoa maoni. Nilitamani sakafu inimeze. Lakini nilikuwa nimeshaanza, na maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikasema bibi yupo nyuma ya ukuta ule, amekuwa anakuja kila tarehe, na hawezi kupita kwa sababu mkwe wake amekaa mlangoni. Nikamnyooshea kijana kidole, na kidole changu kilikuwa na maneno mengi.

Kijana aliruka wima, uso umembadilika. "Mama yupo? Yupo upande gani? Nimpishe!"

Hakimu akamwambia atulie ajieleze.

"Mheshimiwa, mimi nimekaa hapa mlangoni makusudi. Nilisema akitokea tu, nitoke haraka, nisimvunjie heshima. Kila siku naangalia mlango. Nikajua mama amenikasirikia, hataki hata kuja."

Mzee mmoja wa baraza alijipiga paja. "Ala! Nyie watu mmeheshimiana mpaka mmekosana!"

Kidole changu nikakirudisha mfukoni. Kijana alikuwa amekaa pale kumfungulia njia, na kwa kukaa pale akawa ameifunga.

Hakimu aliamuru mlango wa nyuma ufunguliwe. Karani alilalamika kwamba vielelezo havisogezwi ovyo, akaambiwa basi avisogeze kwa mpangilio. Tukabeba mitungi ya gongo, polisi mmoja na mimi, harufu ikatufanya tuyumbe kabla ya kuonja. Mlango ukalia, mwanga ukaingia kwenye kile chumba, na bibi akaingia na mjukuu wake. Aliketi nyuma ya kabati la mafaili. Kijana alibaki upande wa pili. Sauti zinapita, macho hayapiti.

Nilidhani kwamba watagombana. Kijana alisema anataka mtoto asome, basi. Bibi akajibu kwa sauti ndogo kwamba shule haikatai. "Ninachoogopa ni kimoja. Mimi kwake siwezi kwenda. Yeye kwangu hawezi kuja. Mshenga aliyetuunganisha tulimzika. Mtoto akipita mlango ule, nimempoteza kama nilivyompoteza mama yake."

Kijana aliweka kofia usoni. Nililia, sitaki kusema uongo. Nililia nikiwa nimeshika futi.

Hakimu aliwauliza wazee wa baraza maoni yao, wakazungumza kwa muda. Kisha akaamua: mtoto aende shule kwa baba yake, na kila likizo akae kwa bibi. Makabidhiano yatafanyika hapahapa mahakamani, bibi kwa mlango wa nyuma, baba kwa mlango wa mbele. Karani akauliza vielelezo vitakaa wapi. Hakimu akamwelekeza kwangu, kwamba kuna mtu wa ujenzi.

Usiku ule mkono wangu ulikubali kuchora. Mahakama mpya niliipa milango miwili ya wananchi, mbali mbali, na mabenchi mawili yasiyotazamana. Mchoro ulipanda kwa wakubwa, ukarudi mlango mmoja umekatwa kwa kalamu nyekundu, pembeni wameandika: wa nini? Ningeweza kuwaeleza habari za wakwe kurasa nzima. Nilichora upya uleule, mahali palepale, nikaandika "mlango wa dharura". Ulipita bila swali.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, nilijipa kazi ya kwenda ghalani siku ya makabidhiano. Baba alikuwa amesimama karibu na mlango wa mbele, amevaa shati lililopigwa pasi. Bibi alikuwa nyuma ya kabati, anamfunga mtoto vifungo ambavyo vilikuwa vimeshafungwa. Kisha akamsukuma taratibu. Mtoto akatoka peke yake katikati ya ghala, begi mgongoni, na urefu ule niliokuwa nimeupima mara nyingi sikuwahi kujua kwamba ni mrefu hivyo. Alipofika nusu alisimama akageuka, lakini pale kabatini hakukuwa na mtu wa kuonekana.

"Nenda," sauti ya bibi ilisema.

Akaenda. Nilikuwa nimesimama kwenye pembe ya kabati, mahali ambapo niliwaona wote wawili. Bibi alinivuta mkono wa gauni.

"Kafika?"

"Kafika, bibi."

"Kamsalimia?"

Nilitazama. Mtoto alikuwa amepiga magoti mbele ya baba yake kama alivyofundishwa, na baba yake alikuwa ameinama kumwinua.

"Kamsalimia vizuri," nikasema.

Bibi alikunja khanga yake, akatoka kwa mlango wa nyuma.