Glavu ya Mashoto

Mama yangu alikuwa na kinu kizito cha mti mgumu, na jirani yetu wa ukuta mmoja hakuwa nacho. Nasema jirani, lakini wakati huo yeye na mama hawakuwa wakisemezana, kwa sababu ya maji ya mvua yaliyokuwa yakitoka kwenye paa lao na kumwagika mlangoni petu. Wao hawasemezani, lakini kinu kinakwenda na kurudi. Akikitaka, humtuma mtu, na mama hukitoa bila neno. Na kikirudi, ndani yake mna kitu: ndimu, au kipande cha mkate wa boflo, au ukwaju uliofungwa kwenye gazeti. Mama hutia mkono, hutazama, husema yule mwanamke hana adabu hata chembe, kisha huzikamua zile ndimu kwenye mchuzi. Walipokuja kupatana, nafikiri ilikuwa harusini, au ilikuwa hitimani, kinu kilikuwa kimeshatembea zaidi kuliko wao.

Nyumba yetu ya Kibokoni bado ipo. Kinu sijui kilikwenda wapi. Lakini nilitaka kusema habari ya glavu.

Binti wa dada yangu ni mwalimu wa michezo, naye ndiye aliyetuletea softboli, mchezo wa asubuhi ya Jumapili, Kibokoni na Majengo. Asiyeujua, ni hivi: mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo kisha anakimbilia gunia lililolazwa chini, hiyo ndiyo beizi. Upande wa pili wamesimama uwanjani na glavu zao, kazi yao kudaka. Mpira ukifika beizi kabla yake, huyo ni auti, akakae. Mimi nikapewa beizi ya kwanza, kwa kuwa mtu wa hapo hakimbii, watu ndio wanaomjia. Kwa umri wangu ni cheo kizuri.

Vifaa havikutosha. Sisi tulikuwa na mipira na glavu chache, Majengo walikuwa na magongo na glavu chache, basi tukazichanganya. Haina shida, kwa sababu wakati hawa wanapiga, wale wanadaka. Zamu ikigeuka, unaivua glavu na kuiacha chini pale uliposimama, na hasimu wako anakuja kuivaa ingali na joto la mkono wako.

Shida ilikuwa mimi. Mimi ni mashoto. Kula nakula kwa mkono wa kulia kama watu, kuandika nilipigwa mpaka nikaandika kwa kulia, na kwa kweli nikaacha kuandika kabisa, lakini kurusha kitu ni shoto tu. Glavu huvaliwa mkono usiorusha, na zote zilikuwa za wenzangu wanaorusha kwa kulia. Nikajaribu kuivaa moja kinyume. Mpira ukapita ukanipiga kidevuni.

Mashoto mwingine uwanja mzima alikuwa mtu wa beizi ya kwanza wa Majengo, fundi wa makochi, mrefu, rika langu, mdomo kama msumeno. Yeye alikuwa na glavu ya kwake, aliyoipata mitumbani. Akaniona nashika kidevu, akaja akaiweka juu ya gunia, akaenda zake kupiga. Sikuambiwa chukua. Nikachukua.

Siku hiyohiyo kamba yake ikakatika mkononi mwangu, nikaenda nayo nyumbani ili ishonwe kwa fundi viatu. Mke wangu akauliza ni ya nani. Nikamwambia. Akauliza itarudi vipi. Nikasema itarudi imeshonwa. Akanitazama kama mtu asiyelelewa.

"Kitu cha watu weye unakirudisha kitupu?"

Jumapili nikaibeba ndani ya mfuko bila kuichungulia. Yule fundi wa makochi akatia mkono, akautoa polepole, vidole vinanata. Mke wangu alikuwa ameijaza kaimati, na shira ilikuwa imepenya karatasi yote. Yule bwana akaramba kidole kimoja, akafikiri, akaramba cha pili. Kisha akala zote, amesimama, akaivaa glavu vivyo hivyo.

Asubuhi ile hakuna mpira uliomponyoka. Ukiingia unaganda. Timu yangu ikaenda kulalamika kwa refa, na refa ndiye huyo mpwa wangu, naye akasema glavu ni moja kwa pande zote mbili, basi utamu ni sawa kwa wote, twendeni tukacheze. Nami kweli nilidaka siku hiyo, ingawa na sisimizi walinidaka mimi.

Baada ya hapo kaimati zilikuja na bakuli lake. Mchezo ukiisha naiweka glavu mikononi mwake na bakuli juu yake, na yeye anakula huku akinitia ila. Kwamba nasimama kama mlango. Kwamba ile ni glavu, si kikapu cha kwenda nacho sokoni. Mimi namwambia mtu aliyekimbia kama yeye leo angefika mapema kwa mkokoteni. Hatukuwa na mazungumzo mengine. Watoto wake wangapi, sikujua.

Hata ikafika siku moja akasema, mdomo umejaa, kwamba bintiye anamtaka Tanga akakae naye, na mchezo unaokuja ndio wake wa mwisho.

"Na glavu?" nikauliza.

"Kwani ya nani?"

Nikazunguka mitumbani wiki nzima. Glavu zilikuwepo, za mkono ule mwingine. Wenzangu wakanifariji kwamba nitahesabu mabao, nitawekewa kiti kivulini. Kukaa nimeshakaa barazani miaka na miaka. Nilichokuwa nikikitaka ni kule kusimama kwenye gunia nikingojea mpira uje.

Jumapili ile nikaleta bakuli limefurika, nikaliacha kwenye mikoba. Mpigaji wa mwisho wa Majengo alikuwa yeye. Akaupiga chini, akaanza kukimbia kwa magoti yake yale, mwenzangu akaokota akarusha, ukaingia kwenye glavu ukatulia. Auti. Akafika amechelewa, akasimama nami juu ya gunia moja, sote tunahema.

Nikaivua. Nikaenda kuchukua bakuli: timu yangu walikuwa wameshalimaliza, mmoja bado analipangusa shira kwa kidole. Nikarudi na glavu peke yake, nikamnyooshea kwa mkono wa kulia.

Akaweka mikono nyuma. Akainama akachungulia ndani.

"Tupu?"

"Wamekula hawa mabwana."

"Basi yakhe, siipokei. Ilete ikiwa na kitu."

"Na kesho si unasafiri?"

"Nasafiri."

Akakung'uta mchanga kwenye viatu, akatia gongo lake kwapani, akaukata uwanja kuelekea Majengo, mwendo wake uleule wa kuchelewa. Nilidhani atageuka anitupie neno la mwisho. Hakugeuka, na uwanjani hakurudi tena.