Pigo la Sitini na Moja

Katika bustani ya mji wa Palma Honda, mbele ya kanisa, kuna kijiwe cha besiboli ambacho hakijawahi kukubaliana hata kwamba mvua inanyesha. Kitu kimoja tu kilikuwa hakibishwi: namba za Reinerio Cepero. Kwa miaka thelathini na nane Reinerio alipima miwa kiwandani siku za kazi, na Jumapili alikaa nyuma ya wavu na daftari lake, akiiandikia timu ya kiwanda namba zake. Mpigaji akifika kituo cha kwanza kwa nguvu ya gongo lake, aliandika pigo safi. Akifika kwa uzembe wa mdakaji, aliandika kosa. Akishaandika, hata padri hakufungua mdomo.

Jumamosi ile alitoka nyumbani bila kumaliza kahawa, daftari la mwaka wa sabini na mbili kwapani. Msimu ulikuwa umekwisha juzi. Yoandri, dereva wa trekta, alimaliza na mapigo safi sitini, na rekodi ya Palma Honda ni sitini na moja, ya Abundio Quesada, tangu mwaka huo wa sabini na mbili. Pungufu moja tu. Na Reinerio alijua hiyo moja ilivyopatikana.

Alikuta moto umeshawaka.

"Sitini si sitini na moja," Chago kinyozi alikuwa akisema, kasimama juu ya benchi. "Huyo Yoandri wenu arudi kwenye trekta lake."

"Enzi za Abundio warushaji walikuwa na vitambi," mmoja akamjibu. "Hata mama yangu angepata hamsini."

"Mama yako nilimwona akimrushia baba yako kiatu. Hakumpata."

Abundio mwenyewe, mzee wa miaka sabini na sita, alikuwa amekaa akitafuna karanga kama vile anasemwa mtu mwingine. Pembeni yake alikuwa Wilfredo, shemeji yake Reinerio, ambaye zamani alidakia timu ya kiwanda cha jirani.

"Jaji huyo kafika," Chago akasema. "Reinerio, wape hawa dawa yao. Abundio alipiga ngapi?"

"Sitini," Reinerio akasema.

Hata wauza magazeti wakageuka kutazama.

"Umeamka salama, mzee?" Chago akauliza.

"Mechi ya mwisho, mpira wa mwisho. Abundio aliugusa tu, ukamwendea Wilfredo, ukampita katikati ya miguu. Lilikuwa kosa. Mimi nikaandika pigo safi."

"Kwa nini?"

Reinerio akavua kofia. Aliona haya kama kijana wa miaka ishirini na miwili. "Nilikuwa namtaka dada yake Wilfredo. Jioni ile ndiyo nilialikwa kwao chakula kwa mara ya kwanza. Ningekaaje meza moja na kaka mtu niliyemwandikia kosa mbele ya watu elfu mbili?"

Watu wakaangua kicheko. "Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki," Chago akasema, akijifuta machozi. "Ila wewe umekaa miaka hamsini ndiyo unakohoa leo."

Reinerio hakucheka. "Ujaji nivueni. Lakini Yoandri mpeni haki yake."

Wilfredo akasimama, uso umemwiva. "Kosa gani? Ule mpira uligonga jiwe."

"Shemeji, uwanja ule haukuwa na jiwe."

"Lilikuwepo. Mpaka leo nalikumbuka jiwe lenyewe."

Wote wakamgeukia Abundio. Akamaliza karanga zake kwanza, akakunja karatasi.

"Jiwe hapakuwa," akasema. "Nilikuwa nakimbia, lakini macho nilikuwa nayo. Kila mtu akinikaribisha kahawa kwa ajili ya hiyo sitini na moja, inanikwama hapa kooni. Rekebisha, Reinerio, nami ninywe kahawa kwa raha."

Wilfredo akaondoka bila kuaga. Reinerio akafungua daftari magotini, akalikata lile pigo safi kwa mstari, akaandika kosa. Wino haujakauka, Chago kashaanza tena.

"Haya, sitini kwa sitini. Sasa nani alicheza mechi chache zaidi? Jaji?"

Reinerio akainua kichwa. "Bado mnaniuliza mimi?"

"Tumuulize nani? Wilfredo na jiwe lake?"

Aliporudi nyumbani alimkuta mkewe, Caridad, akikaanga ndizi. Mkewe alimpa mgongo.

"Kaka kapita hapa. Kaapa hatakula tena kwako."

"Najua."

"Kesho atakuja. Nimemwambia naoka nguruwe." Akageuza ndizi moja. "Mzee wangu, unakumbuka ulipokuwa mwamuzi wa malkia wa sherehe za kiwanda? Hata kura hukunipa. Ukasema yule mwenzangu katembea vizuri zaidi."

"Alitembea vizuri kweli."

"Ndiyo hayo. Miaka hamsini nimeishi na mtu asiyepindisha hata namba, najiuliza huyu alinipenda lini." Akafuta mikono kwenye aproni. "Nionyeshe."

Reinerio akafungua ukurasa. Caridad akaweka kidole juu ya lile pigo safi lililokatwa, akaliinamia kulisoma.

"Bado linasomeka," akasema kwa furaha, na akarudi kwenye ndizi zake.