Ganda Likisema

Jina la Mzee Pasi alilipata kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, alikonyoosha mashuka mpaka kichwa kikajaa mvi. Mashine za mle ndani zilinguruma kutwa, na alipostaafu masikio yake yalikuwa yamekwisha kazi. Mkewe alizoea kusema kwamba karudishiwa mume nusu, nusu nyingine imebaki hotelini. Mumewe naye alijibu kwamba ndiyo siri ya ndoa yao kudumu. Utani wenyewe ulikuwa umechakaa kuliko tambara la kudekia, lakini waliucheka kila mara.

Bustani ilikuwa ya mkewe. Nyuma ya nyumba, kati ya tangi la maji na kamba ya kuanikia nguo, alipanda maharage madogo mekundu, yale yenye kistari cheupe kitovuni, ndugu wa choroko. Mbegu aliachiwa na mama yake, na hakuwahi kupanda nyingine. Kila msimu alitenga za kula na za kupanda, na za kupanda haziguswi hata watu walale njaa.

Sasa maharage hayo yana ukorofi wake. Hayaivi pamoja. Mche mmoja utakuta una ua la njano, ganda bichi na ganda kavu, na hilo kavu ukilichelewesha, jua linalipasua na punje zinamwagika chini. Kwa hiyo huchumwa moja moja, asubuhi, kabla umande haujakauka. Mkewe aliinama, akalitikisa ganda sikioni likiwa bado kwenye mche. Likisema, lichume; likinyamaza, liache. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni, na kazi ya Mzee Pasi ilikuwa kushika beseni.

Mwaka ule mkewe akaugua maganda yakiwa ndiyo kwanza yanageuka rangi. Alilazwa, na kila mumewe alipokwenda kumtazama, swali la kwanza halikuwa la daktari wala dawa. Aliuliza kama maganda yanasema. Mzee Pasi akamwambia yanasema, tena yanapiga soga. Ukweli ni kwamba kila asubuhi aliinama bustanini, akatikisa, asisikie kitu. Angeweza kumwomba jirani amsikilizie, lakini aliona haya, mtu mzima kuazima masikio.

Basi akavuna kama alivyokuwa akipiga pasi, mara moja na yaishe. Aling'oa miche yote siku moja, akaianika kwenye turubai, akapukuchua, ili apate nafasi ya kukaa na mgonjwa. Haraka haraka haina baraka, na huyu hakusubiri hata kuambiwa. Punje zilikauka zikiwa changa, zikanywea na kukunjamana.

Alimpelekea mkewe kidogo, zimefungwa kwenye kitambaa. Mkewe alizimwaga kiganjani, akazipitishia kidole gumba taratibu. Hakumgombeza, na hilo lilimuuma zaidi. Alimvuta shingo, akamsemea sikioni kama walivyozoea.

"Haya hayakusema."

"Sikusikia, mke wangu. Nilikudanganya."

"Najua." Alizirudisha punje kitambaani. "Basi mbegu ya mama imeishia kwangu."

Hayo ndiyo maneno ambayo Mzee Pasi alirudi nayo nyumbani, na siku chache baadaye akarudi nayo kutoka makaburini. Watu walimpa pole, naye akaitikia asiyoyasikia. Moja tu ndilo lililokuwa likimlia kichwani.

Matanga yalipokwisha, alikwenda kufungua bomba la tangi, akaona nyuma yake mche mmoja umetambaa ukutani. Alikuwa hakuuona alipokuwa aking'oa. Ulikuwa na maganda, na yalianza kuwa ya kahawia. Aliogopa kuyagusa. Akiwahi, ataharibu tena, akichelewa, yatapasuka. Kila asubuhi aliinama akatikisa ganda la chini kabisa, na kila asubuhi hakujua kama kimya kile ni cha ganda au cha masikio yake.

Mwishowe aliona kwamba kule kuona haya kumemgharimu vya kutosha. Akamwita shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyekuwa amebaki kumsaidia kufua na kupanga vitu, akamwonyesha lile ganda. Shemeji hakuuliza kitu. Naye alilelewa na mama yule yule. Aliinama, akatikisa.

"Linasema, shemeji."

Mzee Pasi aliona midomo ikicheza, asishike neno. Akamsogezea sikio. Shemeji akamshika shingo, akarudia kwa nguvu:

"Linasema. Lichume."

Sauti ilikuwa ile ile ya dada yake, haikupungua hata kidogo. Mzee Pasi alibaki ameinama, mkono juu ya ganda, machozi yakimchirizika. Akamwomba shemeji aseme tena.