Kahawa Iliyonipita

Kabla ya penati ile, kahawa haikuwahi kunipita. Kwenye banda la kuonyeshea mpira pale Kemondo, kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kilianza kwa mwenye banda, kikaja kwangu, ndipo kikaenda kwa wengine. Kwa mwanamke hiyo ilikuwa heshima kubwa. Niliipata kwa kuwa ni mwalimu, na zaidi kwa kuwa pale kwetu mimi peke yangu nilikuwa nimesomea urefa. Nilijivuna nayo, sitaficha.

Mwenye banda alikuwa rafiki wa marehemu baba yangu, nami nilimwita Tata kama nilivyomwita baba. Ndiye pia aliyekuwa mwenyekiti wa timu ya wanawake ya Kemondo.

Alasiri hiyo dada zetu wa timu ya taifa walikuwa wanacheza ugenini. Bao moja kwa moja, na sare ilitutosha. Katika dakika za nyongeza mshambuliaji wao akapiga shuti, beki wetu akatanua mkono, mpira ukamgonga kwenye kiganja. Refa, mwanamke kama mimi, akaonyesha penati bila kusita. Wakafunga. Tukawa tumetolewa.

Banda lililipuka. Mmoja akasema mpira ndio ulioufuata mkono. Mwingine akauliza refa alitaka yule binti auweke wapi mkono wake, mfukoni? Akatokea mchuuzi wa samaki aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema, "Ndiyo maana mimi nasema siku zote, wanawake wasipewe filimbi."

Hapo ndipo nilipoharibu. Mdomo wangu haujawahi kungoja ruhusa.

"Ni penati," nikasema. "Mkono umetanuka, mpira unaelekea golini. Mnataka refa afumbe macho? Hata mimi ningepuliza."

"Hata kama ni Kemondo?" Tata akauliza, kwa upole kabisa.

"Hata kama ni Kemondo."

Akatikisa kichwa polepole. "Vizuri, waitu," akasema, kwa neno letu la heshima. "Jumapili si ndiye wewe unayetuchezesha?"

Kikapu kilipoanza kuzunguka, kilitoka kwake kikaenda kwa mchuuzi wa samaki. Mkono wangu ulikuwa tayari umenyooka. Niliurudisha mapajani, nikajiambia wamesahau.

Hawakuwa wamesahau. Kesho yake bodaboda aliyezoea kunipeleka shule alinipungia mkono akapita, na nyuma hakuwa na abiria. Watu walinisalimu vizuri tu, ila hakuna aliyesimama kuongea. Ningetukanwa ningejua la kujibu, maana matusi refa huyazoea.

Jumatano asubuhi mama aliniita kibanjani, kwenye migomba inayozunguka nyumba. Mgomba uliokuwa karibu na dirisha langu ulikuwa chini, na mkungu wake bado mchanga, ndizi hazijazidi kidole. Kwetu hakuna anayeangusha mkungu wa hivyo, hata mwenye njaa. Nilichuchumaa nikaangalia shina. Lilikuwa limekatwa kwa pigo moja la panga, sawasawa.

"Ni upepo," mama akasema.

"Mama, upepo gani unakata hivi?"

"Nimesema ni upepo, mwana wange." Akaanza kuyakusanya majani haraka haraka, kama mtu anayeficha kitu kabla wageni hawajafika. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na nikakasirika kwa sababu naogopa. Ningeweza kusema naumwa, wakatafuta refa mwingine mjini. Kiburi kilikataa.

Jumapili baada ya misa wageni walishuka kwenye boti, wasichana kutoka kisiwa kimoja cha Muleba, jezi zao zimepauka kwa jua. Nilipokuwa nakagua viatu, mshambuliaji wao, binti mwembamba mwenye mapengo mawili, aliniuliza, "Mwalimu, ni kweli mshindi anaenda Bukoba, na wanaochagua wachezaji wa taifa watakuwepo?"

"Ni kweli."

Akacheka. "Mimi nimeshamwambia mama asinitegemee kuanika dagaa wiki ijayo."

Wao walihitaji kushinda. Kemondo, kwa mabao waliyokwisha kukusanya, sare iliwatosha. Nilipuliza kipindi cha kwanza vizuri, na cha pili pia. Faulo nilizitoa pande zote, na hakuna aliyelalamika. Hilo lenyewe lilinitia wasiwasi. Sijawahi kuchezesha mechi ya Kemondo ambayo hakuna anayelalamika.

Zikiwa zimebaki dakika chache, yule binti aliwatoka mabeki wawili akapiga. Kipa alikwisha kupitwa. Beki wa Kemondo akainua mkono, na nikausikia mpira ukigonga ngozi. Nilikuwa hatua tano kutoka pale, hakuna aliyenizuia kuona. Filimbi ilikuwa mdomoni.

Nikainua macho. Nyuma ya goli alisimama Tata, mikono nyuma, ananiangalia mimi badala ya mpira. Mchuuzi wa samaki alikuwa pembeni yake. Uwanja mzima ulinyamaza, watu wote wale, hakuna hata aliyekohoa. Upande wa pili nilimwona mama amejifunika kitenge hadi kidevuni, anaangalia chini.

Nikaitoa filimbi mdomoni, nikaashiria mchezo uendelee.

Kelele zilirudi zote kwa pamoja. Dakika chache baadaye nikamaliza mechi, sifuri kwa sifuri. Wasichana wa kisiwani walilia, isipokuwa yule mmoja. Alinifuata hadi katikati ya uwanja, akasimama karibu.

"Mwalimu, uliona," akasema.

"Sikuona."

Aliniangalia kidogo, kisha akainama akaanza kufungua kamba za viatu. Vilikuwa vya kuazima, akamkabidhi mwenzake, akatembea pekupeku kuelekea ziwani.

Tata alikuja na kikapu. Safari hii hakuanza na yeye mwenyewe. "Umetuchezesha vizuri sana, mwana wange," akasema, na wote waliomzunguka wakaitikia. Nilinyoosha viganja vyote viwili, kama nilivyofundishwa utotoni, nikapokea, nikatafuna.

Mgomba mwingine haukuanguka. Bodaboda ananibeba kama zamani. Magunia ya dagaa kutoka visiwani yakishushwa pale bandarini, napita upande wa pili wa barabara.

Na ubishi wa ile mechi ya dada zetu haujaisha hadi leo. Kila wakikaa bandani lazima mtu aurudie, na wakifika kwenye mkono wa yule beki wote hunigeukia, kwa kuwa mimi ndiye niliyesomea. "Refa wetu, wewe unasemaje?"

Nawaambia haikuwa penati. Kisha kikapu kinaanza kuzunguka, na kinaanzia kwangu.