Dirisha ya Upande wa Kilima

Wiki iliyopita kijana wangu wa kwanza alinipeleka Mususa, kwa soudeur, fundi wa kuchomelea chuma, mwenye anamutengenezea madirisha. Anajenga nyumba kule Kimemi, matofali ya kuchoma, bintu bya nguvu, na mimi sifiche furaha yangu: niliachia shule mwaka wa tano ya primaire, na leo mutoto wangu anajenga. Tena niko koko, niko na wajukuu. Koko mwenye angali na meno yake yote, juu nilizaa mapema. Basi kijana akaniambia nichague: volet, kile kifuniko cha dirisha, iwe ya chuma ao ya mbao, juu mimi njo ninajua upepo ya kwetu. Soudeur akashika tôle, bati ya chuma, akaitikisa, tusikie unene wake. Ikalia. Nikaomba kiti. Kijana akafikiri ni tension ya damu, akatuma maji.

Haikuwa tension. Ukae kidogo, nikuambie.

Nyumba yetu ya utoto ilikuwa juu ku kilima, chini kidogo ya kilele, mu ile Butembo ya zamani yenye ilikuwa na miti mingi kuliko nyumba. Kuta ilikuwa ya potopoto, udongo ya kukandika, mais paa ilikuwa ya mabati, na ile mabati ilikuwa ya mama. Alikuwa anaenda mupaka Luofu kununua maharagi, anarudi amekaa juu ya magunia mu camion, anauza ku soko, na kila musimu anaongeza bati moja, mbili. Mvua ikipita na jua kurudi, paa yetu ilikuwa inang'aa, ungeiona toka kilima ya ng'ambo. Mama hakuwa mutu wa kujisifu na kinywa. Alikuwa anajisifu na paa.

Upepo ilikuwa inatoka nyuma ya kilima, saa nane ao saa tisa ya muchana, baada ya jua kali. Kwanza kuku zinanyamaza. Kisha harufu ya udongo, kisha majani ya migomba inageuka, inaonyesha tumbo. Hapo kila mutu na kazi yake. Mama anaanua nguo na mihogo yenye tulianika. Mimi naingiza mbabula, jiko yetu ya makala, na sufuria ya maharagi, nikiungua vidole. Koko, mama ya mama, anavuta volet ya dirisha ya upande wa kilima, anaifunga na ndoano. Na dada yangu mukubwa, kazi yake ilikuwa kukimbia kufungua dirisha ya nyuma. Kufungua, si kufunga. Batoto ba leo banacheka nikibaambia. Mais koko njo alitufundisha: upepo ni mugeni wa nguvu, umufungie mbele, na kama ameingia tu, umuonyeshe njia ya nyuma. Ukimufungia mu nyumba, atatokea na kichwa ya nyumba. Mwanamuke mwenye hakujua ile, balikuwa banasema hakulelewa.

Na mbele ya upepo kufika kwetu, kulikuwa miti. Mistari miwili ya mikaliptusi, baba ya baba yangu aliipanda. Upepo ilikuwa inachokea mule. Usiku tulilala na ule mulio ya majani, sawa mutu anachekecha unga.

Vita ya kwanza ilipita kwetu sawa mutu mwenye anakimbia. Ya pili ilikuya, ikakaa. Basoda balipanda kilima yetu, bakajenga vibanda. Nani aliwatuma? Leo huyu, kesho yule, mimi nilikuwa na miaka kumi na mbili, sikushika majina. Neno yao ya kwanza ilikuwa miti ikatwe, baone barabara. Tulikata wenyewe, na mapanga yetu. Siku tatu. Harufu ya mukaliptusi mubichi ilijaa mu nyumba, harufu nzuri, na koko hakukula zile siku tatu.

Kisha bakaomba kuni. Kuni ilikuwa imelala chini kila pahali, mais mbichi. Volet yetu ilikuwa kavu. Soda mumoja aliing'oa dirishani na mikono mbili, akaenda nayo kwapani sawa mutu anatoka ku soko. Mangaribi harufu ya sombe yao, majani ya muhogo, ikatufikia. Mama akasema, "Volet yangu inaiva." Tulicheka, ata koko. Nakumbuka ile kicheko juu hakukuwa ingine kwa siku nyingi.

Pa dirisha tulitundika gunia. Baba na mama bakaanza mashauri: tuweke nini? Musimu ya mvua ilikuwa imefika pa mulango. Baba alitaka volet ya chuma, ya kukata mu fût, pipa ya mafuta. Mama akamwambia chuma itapiga kelele kwamba tuko na kitu, na mbao itapikia basoda chakula, basi achague mwenyewe kati ya wizi na moto. Baba akachagua mbao ya Beni, ile nyekundu ya mu pori, nzito, yenye haishike moto mbio. Akaenda kuitafuta. Alisema siku ine. Barabara ikafungwa nyuma yake.

Baba hajarudi, basoda bakaanza kuita basichana. Hawakusema kuchukua, balisema kuita: aje atuchotee maji, aje atupikie. Musichana wa jirani, rika ya dada yangu, aliitwa juu ya maji. Alirudi kisha mwezi. Alikuwa mutu wa kuimba, yule, mu shamba tulikuwa tunamusikia mbele ya kumuona. Alirudi na hakuimba tena, ata ku misa.

Dada yangu alikuwa na miaka kumi na sita. Mama akamuweka mu chumba ya nyuma, ile ya mbegu, akatia kadenas, kufuli, ku mulango kwa inje, na fungulo akaifunga ndani ya kilemba chake. Kwa bote akasema binti amefuata baba yake Beni. Chakula ilikuwa inaingia asubui mapema. Muchana dada alikuwa mule, mu giza, ametulia sawa gunia. Nilikuwa naketi inje ku ukuta nikichambua maharagi, na yeye ndani anakuna potopoto na kucha, kidogo, nijue ako muzima.

Ile siku jua lilichoma mupaka tukachoka. Kuku zikanyamaza. Niliona migomba ya chini inageuka. Mama akaanua mihogo, mimi nikaingiza mbabula. Na pale pale, mbele mvua ianguke, basoda batatu bakashuka kilima mbio, vibanda byao bilikuwa bya majani. Bakaingia kwetu. Hawakupiga hodi. Bakaketi ku mukeka, bunduki ku magoti. Mumoja alikuwa mutu muzima, na mvi ku ndevu, bengine bawili balikuwa vijana.

Sasa sikia vizuri. Mu ile chumba ya nyuma kulikuwa dirisha, ile ile yenye dada alikuwa anafungua toka akiwa mudogo. Mikono yake ilijua ile kazi kuliko kichwa yake. Upepo ikianza, atafungua. Na dirisha yenye inafunguka yenyewe mu chumba yenye kadenas, soda gani hataenda kuona?

Kusema kinande, luga yetu, mbele yao ilikuwa mbaya, balikuwa banafikiri tunabafanyia shauri. Mais kusali, nani atakataza kusali? Mama akatoa rozari mu kifua. Akaanza Salamu Maria, kwa kinande, na sauti kubwa juu ya upepo. Ya kwanza ilipita sawa. Mu ya pili, katikati, na ile ile sauti ya kusali, akaingiza maneno yake: binti yangu, usiguse dirisha, bako hapa, batatu. Koko hakushituka. Akaitikia "Maria mutakatifu, mama wa Mungu" sawa ku kanisa, na mimi nikaitikia. Soda kijana mumoja akavua kofia.

Upepo ikaingia. Gunia ya dirisha ilienda mara moja, ikapiga ukuta na kuanguka ku moto. Nyumba ikavimba. Sijui neno ingine, ilivimba, uliona mabati inainuka na kurudi, inainuka na kurudi, na misumari inalia. Mama alikuwa anasali, na kila Salamu Maria ilikuwa na yake ndani: usiguse, binti yangu, usiguse.

Yule mwenye mvi akaangalia juu. Akauliza, "Mama, huku nyuma hakuna dirisha?"

Mama akaendelea na rozari.

"Nakuuliza. Kwetu pia tuko na upepo. Usipofungua nyuma, hii paa inaenda."

"Fungulo iko na bwana yangu," mama akasema. "Alienda nayo Beni."

"Basi tutavunja kadenas."

Akasimama, akageuza bunduki, kitako mbele. Hakuwa mubaya ile saa, yule mutu. Alitaka kutusaidia kabisa. Njo kitu ilinitia woga kuliko yote. Mama akainuka, akasimama mbele ya ule mulango, mwembamba vile alikuwa, na rozari ku mukono.

"Mabati ni yangu, baba. Nilinunua na mugongo yangu. Uache iende."

"Uko mupumbafu, mama?"

"Niko mupumbafu. Uache iende."

Akamuangalia. Akaangalia kadenas. Kisha macho yake ikashuka pembeni, pa kitunga ya byombo, penye nilikuwa nimepanga sahani za chakula ya asubui, zingali na maji. Mimi njo nilizipanga. Sahani ine. Na sisi mu ile salon, chumba ya mbele, tulikuwa batatu: koko, mama na mimi. Niliona anahesabu. Mupaka leo, nikiosha byombo, mimi nachanganya sahani na masufuria.

Kwanza mbao ya paa ilivunjika na mulio ya bunduki, vijana bakalala chini. Kisha ile kilio ya mabati, yote pamoja, na mwangaza ikatuangukia sawa maji. Niliangalia juu nikaona mbingu, nyeusi, karibu, na mabati ya mama inaenda chini ya kilima ikigeuka, sawa karata. Mvua ikafuata, na mawe ndani yake.

Vijana bakapiga kelele batafute nyumba ingine. Mwenye mvi akabaki kidogo pa mulango, mvua inamupiga ku uso. Akasema "Tokende", twende, kwa lingala yao, na kwa mama akasema, pole pole, kwamba mu nyumba yenye haina paa hakuna mutu anaingia kutafuta kitu. Akaenda. Sijui kama alikuwa anaaga ao anafundisha. Nimeuliza ile swali miaka yote.

Mama akatoa fungulo mu kilemba. Dada alikuwa mu pembe, chini ya karai, mawe inalia juu yake. Mikono yake alikuwa ameifunga na kitambaa ya kichwa, ameikaza na meno, juu alisema ilikuwa inataka kuenda ku dirisha yenyewe.

Baba alifika kisha juma mbili, kwa miguu, bila mbao. Alisimama mu salon, akaangalia juu, mawingu inapita. Hakuuliza neno ya mabati. Aliuliza tu binti ako wapi. Usiku ule ule akamupeleka kwa masista, kisha Beni, kwa dada yake.

Tulifunika nyumba na majani. Mabati ingine tuliiona ku vibanda bya basoda, mama alikuwa anapita pale na mutungi yake, anasalimia, anaendelea. Kitu ilimukata ilikuwa ku kisima. Bamama ba kilima yote balimucheka. Mabati yote ile, na bibi mwenyewe hajui kufungua dirisha ya nyuma! Sawa mutu wa bonde! Hakulelewa! Bakatunga ata wimbo ya kuchezea batoto, juu ya mama mwenye alifungia upepo mu nyumba. Mama, mwenye alikuwa anaangalia mawingu na kusema saa ya mvua. Alikuwa anachota maji na kunyamaza. Basoda balikuwa bangali juu ya kilima, na neno ku kisima iko na miguu. Basoda bakaenda, na yeye akaendelea kunyamaza. Nilimuuliza kwa nini. Akasema jina ya binti haitatembea mu vinywa kwa sababu ya mabati.

Alikufa akiitwa vile. Koko alimutangulia. Kilima imejaa nyumba leo, zote na chuma, kisima ilifunikwa, na upepo ikipita kila mutu anajifungia kwake, hakuna mwenye anaona jirani alifungua nini. Dada yangu anaishi Beni, alizaa sita, na analea wajukuu mu siku zenye nazo ni za woga.

Na bale bamama ba ku kisima, karibu bote bamekufa, na kicheko yao. Ningetaka baamuke kidogo, saa moja tu, na mitungi yao ku kichwa. Ningebapanga mustari, nibaambie: mama yangu alijua upepo.